Dodoso la Kisimani

Mimi nina pengo upande wa kushoto, nyuma kidogo, huwezi kuliona mpaka nicheke sana. Jino hilo alinitoa mwanamume niliyefunga naye ndoa kanisani Masasi, kwaya ikaimba, na babu yangu mwalimu wa kanisa akalia kwa furaha. Alinipiga kwa mgongo wa kiganja chenye pete niliyomvika mwenyewe, eti kwa sababu chai haikuwa na tangawizi. Nilitema jino kwenye beseni, nikajifunga kanga, nikaenda kwa mama yangu na sikurudi tena. Nalisema hili mapema ili mtu asije akanishangaa huko mbele. Nina hasira za karibu, na sijawahi kuomba zipungue.

Basi ndiyo mimi huyo niliyepata kazi ya udodosaji, yaani kupita nyumba kwa nyumba na kishikwambi mkononi, kuuliza watu maswali ya utafiti na kubonyeza majibu. Utafiti wenyewe ulihusu wanawake wanaopigwa na waume zao. Kwenye barua haikuandikwa hivyo. Iliandikwa afya na maisha ya wanawake, makusudi kabisa, ili mwanamume akisoma asijue mkewe anaulizwa nini. Vibali vilikuwepo vyote, cha taifa, cha mkoa, cha wilaya, kila kimoja na mhuri wake, vimetiwa kwenye bahasha ya plastiki visipate vumbi. Wakubwa walikuwa wamelikagua dodoso neno kwa neno, wakaridhika kwamba halitamdhuru mtu.

Kiongozi wetu alikuwa mama mmoja msomi kutoka Dar es Salaam, mpole, asiyepandisha sauti hata gari likikwama. Mafunzo tulifanyia Masasi, kwenye ukumbi wa kukodi wenye feni bovu. Alitufundisha sheria za kazi. Uwe peke yako na mama unayemuuliza. Mtu akitokea, awe mume, mtoto au jirani, ruka haraka kwenye maswali ya uji wa watoto, ujifanye hayo ndiyo yaliyokuleta. Na usiingilie ugomvi wa mtu.

"Hata akipigwa mbele yangu?" niliuliza.

"Unaondoka, unakaa mahali salama, unanipigia simu."

"Na yeye anayepigwa?"

"Tunamwelekeza zahanati, na dawati la jinsia pale polisi. Sisi si askari, dada."

Nilikunja uso mpaka wenzangu wakacheka. Lakini kazi niliitaka.

Kijiji chetu cha kwanza kilikuwa kule juu Newala, upande wa Kitangari. Ulikuwa msimu wa korosho, mabibo yameoza chini ya miti na harufu yake inaingia mpaka kwenye nguo zilizokunjwa ndani ya begi. Tulifikia kwa mwenyekiti wa kijiji, mzee mnene mwenye heshima zake. Tuliamkia, tukaitikiwa, tukapewa viti. Aliisoma barua yetu kwa sauti, mhuri kwa mhuri, akafurahi kuletewa wageni wazito namna ile. Kisha, bila kutuambia, akamtuma mgambo azunguke kijiji kizima kutangaza kwamba wageni wa afya wanaanza kupita kesho, na kila mwenye mji abaki nyumbani awapokee, kwa maana ni aibu mgeni mwenye barua ya serikali kupokewa na mwanamke peke yake.

Yule mzee hakuwa na nia mbaya hata chembe. Alikuwa anatupa heshima. Kesho yake tulipita nyumba baada ya nyumba, na kila nyumba bwana ameoga, amevaa shati la pasi, amekaa kwenye kiti kizuri anatusubiri. Wanawake wako nyuma, wanatuchungulia. Siku nzima tuliuliza uji. Sidhani kama kuna kijiji kingine Tanzania hii ambacho wanaume wake wamejieleza kiasi kile juu ya uji wa watoto. Jioni kiongozi alimrudia mwenyekiti kumwomba awaache wanaume waende mashambani. Akakataa kistaarabu. "Mama, sisi hatukulelewa hivyo," alisema, na akatuongezea kuku.

Nyumba ya mwisho siku hiyo bwana wake alikuwa mrefu, msafi, mwenye sauti ya chini. Alinikalisha, akanimiminia korosho za kukaanga kwenye sahani, akamwita mkewe. "Mama Pacha, njoo umsalimie mgeni." Kisha kila swali akajibu yeye. Watoto wanakula nini, yeye. Mama anaamka saa ngapi, yeye. Mama Pacha alikuwa ameegemea mlango wa jiko, mwanamke mwembamba wa umri wangu, kitambaa amekishusha mpaka kwenye nyusi. Mume aliposema hapa kwetu tunaishi kwa amani, mke alikohoa. Mume akageuka, akamtazama tu. Kikohozi kikakatika hapo hapo.

Mama Pacha ndiye aliyenisindikiza, hatua chache, kama ilivyo ada. Tulipofika kwenye mikorosho alininong'oneza, "Dada, wewe hukuletwa na uji. Kesho njoo twende maji. Na ubebe ndoo, usije mikono mitupu wakakushtukia."

Nilimweleza kiongozi, akaona ni sawa. Sheria ilitaka faragha, haikusema lazima iwe chini ya bati.

Bomba la kijiji lilikuwa limekufa, pampu imeungua, na fundi alikuwa anangojwa mpaka watu wamechoka kumtaja. Wanawake walishuka bondeni, mteremko wa kukata magoti, hadi kwenye kisima kimoja chini kabisa ambako maji yanachuruzika kutoka kwenye udongo kidogo kidogo. Unachota kwa kikombe, unakomba, unakaa kusubiri yajikusanye tena. Kwa hiyo ndoo zinapangwa foleni, na foleni ile ina sheria zake. Ndoo iliyojaa haipandi peke yake. Inawekwa pembeni, inafunikwa kwa majani, inazingojea nyingine, maana ndoo kubwa ya maji huwezi kujitwika mwenyewe, lazima mwenzako akutwishe. Zikijaa zote, wanawake wanatwishana na kupanda pamoja. Mwanamume hafiki pale, ana shughuli gani.

Walinicheka sana siku ile ya kwanza. "Mwoneni dada wa Masasi, ndoo kaishika kama mkoba wa harusini." Bibi mmoja, mkubwa kuliko wote, mwenye chale za zamani usoni, aliniuliza kama siku hizi Masasi maji yanatufuata kitandani. Nilimwamkia shikamoo, nikamwambia yanatufuata, bibi, lakini yanakuja na bili. Wakacheka tena, nikawa mtu wao.

Katikati ya mteremko kulikuwa na gogo la kupumzikia, limejificha vichakani. Mama Pacha alikaa hapo, akawaambia wenzake watangulie. Nikafungua kishikwambi.

"Je, amewahi kukupiga kofi, au kukutupia kitu ambacho kingeweza kukuumiza?"

"Ndiyo."

"Amewahi kukupiga ngumi?"

"Hiyo nayo ndiyo."

"Amewahi kukupiga mateke, au kukuburuta?"

"Andika ndiyo zote, dada, tushuke."

Nikamwambia natakiwa niulize moja moja. Akavumilia. Mchi alipigwa nao akiwa na mimba ya wale pacha. Mpira wa bomba la kupulizia dawa kwenye mikorosho ulimwachia mistari mgongoni. Alishusha kanga akanionyesha, na mingine ilikuwa bado mibichi, inatoa majimaji. Yote hayo aliyaeleza kwa sauti kavu. Kisha akaniuliza, "Na maji hamuulizi?"

"Maji gani?"

"Nikichelewa kisimani ananisubiri mlangoni. Ananitua ndoo yeye mwenyewe, taratibu, mtu akipita anasema mume ndiyo huyo. Halafu anaimwaga mbele ya miguu yangu. Yote. Ananiambia kafuate mengine." Hapo ndipo sauti ilipomkatika. "Mchi unapona, dada. Maji yale nimeyabeba kichwani."

Nilipekua kishikwambi chote, swali la maji halikuwepo. Wale waliolikagua dodoso neno kwa neno, nadhani kwao maji yanatoka ukutani.

Nilimuuliza anataka nini. Swali hilo halikuwa la utafiti, lilikuwa langu.

"Nataka aondoke," alisema. "Nyumba ni ya mama yangu, ardhi ni ya ukoo wetu, yeye ndiye aliyekuja kuoa huku. Nimeshamwambia mjomba. Mjomba anasema mkwe kama huyu nitampata wapi, kila msimu anampulizia mikorosho yake bila kunung'unika." Akatazama chini bondeni. "Ataniua huyu. Wala hatakusudia. Siku moja atazidisha tu."

Tulikuwa hatujamaliza pale tuliposikia sauti. Wenzake walikuwa wanapanda tayari, ndoo zimejaa, na sisi tumekaa kwenye gogo kama tuko sherehe. Nikarukia uji. Walipopita, tukashuka mbio, tukakuta kisima kimekombwa, tope tupu. Tulisubiri hadi jua likapinda. Kumtwisha nilimtwisha mimi, vibaya, nusu ya maji ikaniingia shingoni. Tuliachana pale juu, maswali yamebaki machache, tukakubaliana kesho.

Kesho yake alikuja na kitambaa kimeshuka zaidi. Jicho la kulia halikufunguka. Mkono wa kushoto aliuning'iniza kwa kipande cha kanga. Tulishuka na wenzake bila mtu kumuuliza kitu, mimi ndiye niliyemuuliza, tulipofika kisimani. Mume alikuwa ameyamwaga maji ya jana, akamrudisha bondeni. Aliporudi na ndoo ya pili, akaimwaga nayo, ndipo akampiga. Alitaka kujua dada wa uji anauliza nini muda wote ule njiani, na Mama Pacha hakusema.

Mori ulinipanda. Nilimpigia kiongozi. "Usiingilie," alisema, na sauti yake haikuwa na raha hata kidogo. "Mwelekeze." Nikamwelekeza. Zahanati iko pale, dawati la jinsia liko Newala mjini.

"Nikiwa Newala mjini nani atachota maji?" Mama Pacha aliniuliza.

Ndoo karibu zote zilikuwa zimejaa, zimepangwa mstari, zimefunikwa majani, tunangoja za mwisho. Ndipo tukamwona mume anashuka. Siku hizi watu wanapenda kusema alikuwa na uraka kichwani, ile pombe ya mabibo, kwa sababu inawarahisishia. Mimi nilikuwa karibu naye. Alinukia sabuni. Alikuwa ameoga, na maji ya kuogea nilijua yametoka kichwani kwa nani.

Mkononi alikuwa na mchi. Hakupiga kelele. Alimwendea mkewe moja kwa moja, akampiga nao ubavuni, nikasikia kitu kikavu kinavunjika, Mama Pacha akaanguka chali. Akampiga wa pili pajani. "Umemwambia nini huyu?" aliuliza kwa sauti ile ile ya chini. "Umemwambia nini?" Akampiga tena, na kila alipopiga pumzi ilimtoka mama wa watu kwa mlio, hata kulia hawezi.

Na wanawake wale wote, Mungu anisamehe kwa ninavyowasema, walitazama pembeni. Wengine waliinama wakashughulika na ngata zao. Bibi mwenye chale alisema taratibu, "Baba Pacha, si hapa. Kamalizane naye nyumbani." Ndivyo walivyozoea. Ni mume na mkewe, wewe utaingiaje.

Mimi nilipayuka. Sikumbuki nilichosema, ila matusi yalikuwemo, tena mengi. Akanigeukia na mchi wake. Kati yangu na yeye kulikuwa na ule mstari wa ndoo. Akaipiga teke ya kwanza, ikalala, maji yakaingia udongoni. Akaipiga ya pili. Akaufuata mstari wote akizipiga teke moja baada ya nyingine, na udongo wa kule unavyokunywa, hata dimbwi halikubaki. "Nyie mnaokaa hapa kuwasema waume zenu," alisema, "chukueni ndoo mkachote upya."

Hilo ndilo kosa alilofanya. Angempiga mkewe mpaka roho imtoke, wangemwinua, wangemlilia, wangemzika. Lakini alimwaga maji ya watu.

Bibi mwenye chale akainama, akaokota ndoo yake tupu, akampiga nayo usoni kwa mikono miwili. Ukingo wa plastiki ulimpasua pua. Kabla hajajishika, mwingine akampiga kisogoni, na hapo wote wakamwangukia. Nimeona watu wakipigana, nimeona mwizi wa korosho akishughulikiwa mnadani, lakini sijaona kitu kama kile. Walimpiga kwa ndoo, kwa mawe ya kisimani, kwa visigino. Mmoja alimng'ata sikio na hakuliachia mpaka alipotaka mwenyewe. Hawakupiga yowe. Ilisikika mihemo tu na vishindo, na yeye akisema mama yangu, mama yangu, kama kila mtu anavyosema.

Nami nilimpiga. Mkononi nilikuwa na kikombe cha bati cha kuchotea, nikampiga nacho mdomoni mpaka kikapinda, nikampiga tena, na nilikuwa nalitaka jino. Sisemi haya kwa kutubu. Nasema kwa sababu yalitokea, na jino lilitoka.

Alianguka karibu na kisima, damu inamtiririka. Bibi akafoka, "Asitutilie damu majini, mvuteni huku." Wakamshika miguu wakamburuta hadi kwenye majani, kichwa kinagonga mawe. Kisha wakaacha, wote kwa pamoja, wakasimama wanahema. Alikuwa amelala chali, macho wazi, mkono mmoja ameuinua kiganja juu, hana nguvu hata ya kufukuza nzi.

Ndipo Mama Pacha alipoinuka. Aliinuka kwa magoti, ameshika ubavu, akauokota mchi aliouangusha mume wake. Hakuna aliyemzuia. Alisimama juu yake, akauinua kwa mkono mmoja mzima, akauteremsha. Nadhani alilenga kichwa. Mchi ni mzito na mkono ulikuwa mmoja, ukaangukia bega, tukasikia mlio ule ule mkavu. Mume alilia kwa sauti ambayo sikujua kama anayo. Mama Pacha akauinua tena. Bibi akamkumbatia kwa nyuma, akamshikilia.

"Basi, mwanangu. Ukimuua watakufunga. Nani atawachotea pacha maji?"

Mchi ukamtoka mkononi. Wanawake wakarudi kwenye foleni, wakaanza kuchota upya, kikombe kwa kikombe, kwa kile kikombe changu kilichopinda. Yeye alikuwa amelala pale pale kwenye majani, anakoroma damu. Niliwapigia simu watu wa kijijini kule juu. Ndugu zake walikuja kumchukua, wakampandisha bodaboda, mshikaki, yeye katikati ya wawili wakimshikilia asidondoke, wakampeleka hospitali Newala.

Baraza la kijiji lilikaa. Mwenyekiti alikuwa na huzuni kubwa kwamba mambo yale yametokea mbele ya wageni. Walizungumza asubuhi nzima, na walichozungumza ni ndoo. Nani zake zilimwagwa, nani yake ilipasuka. Ikaamuliwa ndugu za yule bwana washuke bondeni wachote maji yote yaliyomwagwa, wayapandishe kichwani, wamfikishie kila mwenye ndoo. Wakafanya hivyo, wanaume wazima, na watoto wakatoka kuwaangalia. Mjomba wa Mama Pacha alisimama akasema mkwe wake amekosa sana kumwaga maji ya watu. Kuhusu mbavu za mtoto wa dada yake hakusema neno, na hakuna aliyemuuliza. Nilitaka nisimame nimpe za uso. Kiongozi alinishika mkono tangu mwanzo mpaka mwisho.

Yeye alikuwa na ripoti ya kuandika. Mtu akiumia kwa sababu ya utafiti, waliotoa kibali lazima waambiwe, na waambiwe pia kwamba mdodosaji mmoja alipiga mtu. Aliniambia kwa upole kwamba kazi yangu inaishia kwenye kijiji kile.

"Umempiga mtu mdomoni kwa kikombe, dada," alisema. "Kwenye utafiti wa watu kupigwa."

"Nilikuwa na kikombe tu," nikamjibu. "Ningekuwa na kitu kingine ningempiga nacho."

Alivua miwani, akaifuta, akacheka kidogo bila kutaka. Nikamwomba kitu kimoja, nilimalize dodoso la Mama Pacha. Akakubali.

Asubuhi niliyokwenda kumchukua kwa ajili ya maji, nilikuta mume amerudi. Mjomba ndiye aliyemleta, akamkalisha kwenye kile kiti kizuri uani, mkono umefungwa kifuani, midomo imevimba, nyuzi za daktari puani. Nje ya ua, njiani, wanawake walikuwa wamesimama na ndoo zao vichwani, wanamngoja Mama Pacha kama kawaida. Nami nilisimama nao. Nilimwona Mama Pacha mlangoni, nikasema moyoni leo ndiyo leo, haya yote yamekuwa kazi bure, mume amerudi kwenye nyumba ile kummaliza.

"Mama Pacha," mume alisema, na maneno yalimtoka yakiwa na hewa kwa sababu ya pengo. "Nipe maji ya kunywa."

Mjomba akatikisa kichwa kuonyesha ameridhika, mambo yamerudi mahali pake. Mama Pacha aliingia ndani. Alitoka na kikombe kimejaa pomoni, anatembea polepole kwa sababu ya mbavu, hakumwaga hata tone. Akasimama mbele ya mumewe. Mume akanyoosha mkono wake mzima. Mama Pacha akakiinamisha kikombe, akayamwaga maji mbele ya miguu yake, taratibu, yote, mpaka kikombe kikabaki kinadondosha.

"Kafuate mengine," alimwambia.

Mume aliinuka. Ule mkono mzima ukapanda juu. Mjomba akasema, "Wewe mwanamke, una wazimu," lakini hakusogea. Na hapo nikasikia nyuma yangu ndoo inatuliwa chini. Kisha nyingine. Wanawake walikuwa wanatua ndoo zao, na bibi mwenye chale alikuwa ameishika ya kwake kwa mikono miwili. Mke wa mjomba naye alikuwemo, alikuwa ametua ya kwake kabla ya wengi.

Mkono ulikaa juu muda ambao naweza kuuona hata leo nikifumba macho. Kisha ukashuka. Mjomba alimtazama mkewe, akatazama njia nzima ile, akakohoa. "Mkwe," alisema, "twende ukapumzikie kwangu." Akamshika mkono mzima, wakatoka kwa mlango wa nyuma wa ua. Kabla hatujashuka kisimani Mama Pacha alikuwa ameshavitoa nje vitu vya mumewe, mashati, redio, bomba la kupulizia mikorosho, akaviweka njiani na kuvifunika kwa turubai visiharibike. Mume hajarudi kulala kwenye nyumba ile.

Tulikaa kwenye gogo, sisi wawili. Wenzake walitangulia, na safari hii ndoo yake waliibeba wao, wakaenda kuishikia foleni. Nikafungua kishikwambi, nikamuuliza yaliyobaki. Swali la mwisho kabisa liko hivi, na mimi sikulitunga.

"Je, wewe umewahi kumpiga mume wako, kumpiga teke au kumuumiza kwa namna yoyote, wakati ambao yeye hakuwa anakupiga?"

Alinitazama kwa lile jicho lake zima. Wote wawili tulikuwa tumemwona pale kwenye majani, chali, kiganja juu.

"Wakati ambao hakuwa ananipiga," alirudia. Alifikiri kweli kweli, kama mtu aliyeulizwa jambo la zamani na anataka asikosee. "Ni lini huo, dada?"

Kishikwambi hakiruhusu kuruka swali lile, linataka ndiyo au hapana. Nikabonyeza hapana, tukashuka, maana foleni ilikuwa imeshaanza.